Majibu Yaliyokwama Getini

6 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Karatasi hii inakuja na dereva wa lori la mbao, yuleyule anayeniambia kwamba unambadilishia Mama mabati na hutaki kushikiwa ngazi. Tafadhali shikiwa ngazi. Mama mpe pole ya magoti, na umwambie dawa ya kuchua ipo kwenye mfuko huu na asiigawe kwa jirani. Sisi wazima. Mwanangu ameanza kusoma kwa sauti kila kibandiko anachokiona, hata cha sumu ya panya, na nyumba haina utulivu. Mimi nimechoka, Mjomba, na si uchovu wa kulala ukaisha.

Najua unacheka. Mtu anayelipwa kutunza barua pepe za hospitali nzima amekaa na kalamu. Nifanyeje, na huko kwenu mtandao haushiki mpaka mtu aende mjini? Tangu ustaafu na kuniachia chumba hiki cha mitambo, hata wa kumuuliza sina, nimebaki na feni tu.

Jambo lenyewe ni hili. Ile programu inayowaandikia wagonjwa kwamba majibu ya vipimo vyao yapo tayari, wagonjwa wanasema haiwaandikii. Wanakuja kaunta wamenuna, wanasema wamengoja wiki na wiki. Mkuu wa kitengo anasema wagonjwa hawaangalii barua pepe zao. Fundi wa kampuni iliyotuuzia programu, yule niliyempachika jina la Bwana Haraka, anasema kosa ni la seva yetu, yaani seva uliyoijenga wewe. Nimejaribu mpaka vidole vimeniuma. Kila nikituma, inafika papo hapo. Nikamwomba mhudumu wa maabara ajaribu, ikamfikia. Mkuu akajaribu, ikamfikia, akanitazama kama mtu aliyepotezewa asubuhi yake. Na programu yenyewe ukiiuliza, kila barua inasema "imetumwa".

Kuna kitu ulikifunga kwenye seva kabla hujaondoka? Wakinibebesha zigo hili sina la kujitetea. Na hao wagonjwa, Mjomba, wengine wanangoja majibu ambayo hayafai kungojwa.

Mpwa wako,
Bisibisi


19 Machi

Bisibisi,

Marahaba, mama. Naona bado unatia sahihi kwa jina nililokupa siku ulipoifungua redio ya babu yako, ukaifunga tena na skrubu zikabaki mkononi. Redio iliimba hivyohivyo, kwa hiyo sikukulaumu.

Dawa ya kuchua imefika na imegawiwa jirani siku hiyohiyo. Paa limebaki upande wa jikoni tu. Kikohozi changu kinaniaga na kurudi, na mimi napanda ngazi kikiwa kimetoka. Mama yako anasema nimekonda. Mama yako amekuwa akisema nimekonda tangu tukiwa watoto, tuliache hilo.

Swali langu ni moja, na ningelitoa kabla hujamaliza kueleza kama ningekuwa nimesimama nyuma ya kiti chako. Ulikuwa unamtumia nani? Wewe, maabara, Mkuu, wote mna anwani za hospitali. Seva ile ni kama mlinzi wa geti letu. Yeyote akileta barua ya daktari aliye humo ndani, mlinzi anaipokea, hana sababu ya kumhoji sana. Lakini ukimwambia "toka na hii, kaipeleke kwa fulani huko nje", lazima akuulize wewe ni nani hata umtume. Asipokujua, hatoki. Nyinyi mnaandikiana wenyewe kwa wenyewe, zinafika, mnapongezana. Tuma kwa mtu asiye wa hospitali uone.

Halafu acha kusikiliza programu inavyojisifu. Yenyewe inaandika "imetumwa" ikishafungua mdomo tu. Fungua kumbukumbu za seva, uzisome taratibu, bila kuruka. Nilikuambia siku ya kwanza ulipokalia kile kiti: hujatuma kitu mpaka upande wa pili useme "nimepokea". Kabla ya hapo umeongea peke yako.

Ukiandika tena niambie jambo moja. Zile zinazokataliwa, programu inazitupa au inazitunza?

Nisalimie msomaji wa vibandiko.

Mjomba wako


2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Tumepata salamu, na msomaji ameisoma barua yako kwa sauti mpaka pale kwenye kikohozi, akauliza kikohozi kinaagaje. Hata mimi ningependa kujua. Umekwenda kumwona mtu? Mama akisema umekonda safari hii usimpuuze, maana hata dereva kasema hivyohivyo bila kuulizwa.

Ulisema kweli, na nimeona aibu peke yangu nikiwa nimefunga mlango. Nilimtumia shemeji yangu, yule muuza viatu. Haikumfikia. Nikafungua kumbukumbu za seva, nikakuta mstari mmoja umejirudia ukurasa baada ya ukurasa: kupitisha kumekataliwa, mtumaji hajulikani. Inaanzia wiki ileile uliyoagwa kwa soda na hotuba. Kumbe Bwana Haraka aliihamishia programu kwenye mashine mpya huko kwao. Mashine mpya ina anwani mpya, na orodha yako ya mashine zinazoruhusiwa kutoa barua nje inaijua ile ya zamani tu. Hakumwambia mtu. Anasema aliona ni jambo dogo. Basi kila barua ya mgonjwa imegonga geti, imerudishwa, na programu imeandika "imetumwa" bila haya.

Nimeiandika anwani mpya kwenye orodha, zikatoka. Nikashangilia. Wakaizima mashine yao na kuiwasha, anwani ikabadilika tena, zikakwama tena. Nimekaa pale nikaiangalia ile feni.

Jana alikuja mama mmoja, fundi cherehani, tepu ya kupimia bado iko shingoni. Majibu yake yalikuwa tayari tangu kabla ya mvua. Hakuitwa, alikuwa anamsindikiza jirani, akaona aulize. Daktari alikaa naye muda mrefu, mlango umefungwa. Alipotoka akasimama mbele ya meza yangu. Nilijiandaa kufokewa. Akasema, "Mwanangu, mlivyokaa kimya nikajua mimi mzima. Nilishashukuru na kusahau." Afadhali angenitukana.

Swali lako: programu inazitunza. Lipo lundo zima, kila moja na jina la mtu. Namba za simu za wengi hatuna, fomu iliomba anwani ya barua pepe tu. Mimi nataka kuzituma zote leo hii. Mkuu anasita, anasema tutaamsha malalamiko. Bwana Haraka anasema dawa ni kuifungua seva ipitishe barua ya yeyote bila kuulizwa, tumalize. Nimewabana mpaka wamekubali kungoja neno lako kwa yote mawili, kwa kuwa wewe ndiye uliyeijenga. Mkuu amesema utakalosema ndilo litakalofanyika. Andika haraka, Mjomba. Dereva nimemwambia asikuachie nafasi ya kupumua.

Bisibisi


30 Aprili

Bisibisi,

Nisamehe kuchelewa. Dereva alipita mara mbili nikamwambia sijamaliza. Paa limekwisha, halivuji. Mama yako ananiamuru niandike kwamba sili. Nakula.

Kuhusu kuifungua seva kwa yeyote: mwambie Bwana Haraka akafungue mlango wa nyumba yake kwanza, tuone. Matapeli wa dunia nzima hawalali, wanapita wakijaribu kila seva. Wakiigundua yenu wataitumia kupitisha takataka zao, na baada ya hapo kila seva ya nje itawaweka kwenye orodha ya watu wasiotakiwa. Hata barua zenu za halali zitatupwa. Kujisafisha jina ni kazi ya kukuzeesha. Usikubali, hata wakikutishia kazi.

Kuandika anwani ya mashine nako hakufai, kama hubadilika kila wakiiwasha. Ipe programu jina lake na nywila yake, ijitambulishe kila inapotaka kutoa barua nje. Ipitie mlango wa watumaji, ule wa 587, si ule wa 25 ambao seva hutumia kuzungumza na seva wenzake. Mtu akijitambulisha, mlinzi hajali amekuja kutoka nyumba gani. Ukimaliza, jaribu kwa mtu wa nje, na usiniambie imefaulu kwa sababu programu imesema.

Ukurasa wa pili.

Kuhusu lundo la zamani, lifute. Yameshapitwa na wakati hayo. Wengi wao watakuwa wamekwenda wenyewe, au wamekwenda hospitali nyingine. Utawatia watu hofu bure kwa jambo lililokwisha. Anza upya na zinazotoka leo. Lifute lote kwa mara moja, usikae kusomasoma majina, kazi hiyo itakuchosha na tayari umechoka.

Mjomba wako


12 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama mwambie nampenda. Habari nyingine za nyumbani sina nguvu ya kuziandika leo, mtanisamehe wote wawili.

Kwanza kazi. Ukurasa wako wa kwanza nimempa Mkuu, kausoma akiwa amesimama, na hoja ya kuifungua seva ikafa palepale. Programu nimeipa jina na nywila. Ikakataliwa. Nikaibadilisha nywila, ikakataliwa. Bwana Haraka akaanza kunitazama kwa huruma. Kumbe aliponakili nywila alikokota na nafasi tupu mwishoni, na programu ikawa inaitaja pamoja na hiyo nafasi. Nikaifuta, nikamwandikia muuza viatu, nikafungua kumbukumbu. Seva ya upande wa pili imesema imepokea. Nimesoma mstari ule mpaka macho yakaniwasha. Nilitamani uwe nyuma ya kiti.

Sasa ukurasa wa pili. Huo sikumwonyesha Mkuu.

Nimeufikiria siku nyingi. Wewe ni mtu uliyetunza hata matangazo ya harusi za watu walioachana, ukisema barua si yako kuitupa. Umenipigia kelele mbele ya watu kwa kufuta barua moja ya mtu aliyeacha kazi. Leo unaniambia nifute lundo la majibu ya wagonjwa, nisisome majina. Nilipokusimulia habari za yule fundi cherehani, hukusema lolote. Hata pole.

Nikafungua lundo. Nilikuwa nawaondoa wale waliokwisha kufika kliniki, niwatumie waliobaki. Nikashuka na majina. Karibu na mwanzo kabisa nikaikuta anwani yako. Si ile ya hospitali, ile tuliifunga ulipostaafu. Ni ile ya nje, niliyokusaidia kuifungua mwenyewe tukiwa tumekaa kwenye ngazi za stoo, ukilalamika kwamba leo umekuwa mtu wa nje.

Sijafungua majibu yako. Ruhusa sina, na hata ningekuwa nayo mkono ungekataa. Nimeona barua tu. Lakini hiyo barua tunaijua sote, tuliipanga maneno yake pamoja. Sentensi ya mwisho programu huiweka pale tu daktari anapotia alama ya dharura.

Nimekasirika, Mjomba. Nitasema wazi, maana nikinyamaza nitalia na nimeshachoka kulia chooni kazini. Ulijua tangu barua yangu ya kwanza. Uliposoma kwamba barua hazitoki, ulijua kimya ulichokipata hakikuwa jibu. Ukapanda ngazi, ukaendelea na mabati. Halafu ukataka niwafute na wale wengine wote wakufuate.

Zote nimezituma. Mkuu nilimwambia umesema tuzitume, kwa hiyo jina lako limebaki safi, ukitaka kunishukuru nishukuru kwa hilo. Yako nayo imetoka, lakini najua hutakwenda mjini kuifungua. Ndiyo maana ninakunakilia hapa kwa mkono wangu, neno kwa neno:

"Ndugu, majibu ya kipimo chako yapo tayari. Tafadhali fika kliniki ya kifua ukiwa na kadi yako. Daktari anaomba ufike mapema iwezekanavyo."

Nijibu.

Bisibisi


30 Mei

Mjomba,

Shikamoo.

Dereva ameapa alikupa barua mkononi. Anasema uliisoma umesimama kando ya lori, ukaikunja, ukaitia mfuko wa shati, ukamuuliza bei ya mbao. Tangu hapo amepita na kurudi, hana kitu chako.

Mama ameniletea viazi na salamu. Hakusema neno kuhusu wewe, kwa hiyo najua hujamwambia. Sijamwambia na mimi. Nimeanza barua yake nikaichana, kwa sababu hilo ni lako kulisema, na kwa sababu ninaogopa kuona mwandiko wangu umeandika maneno hayo.

Watu wamekuwa wakija. Kaunta imejaa wiki hizi, wengine wamekasirika, wengi wanashukuru tu. Mzee mmoja alikuja na barua ameichapisha kwenye karatasi kubwa, ameishika kwa mikono miwili. Fundi cherehani ameanza matibabu. Amenishonea kitambaa cha kufunikia kompyuta yangu, nikakipokea nikiwa sijui niangalie wapi.

Hasira zimekwisha, hazikutosha kufika mwisho wa mwezi. Nilisema vibaya. La, sikusema vibaya, nilisema kweli kwa sauti mbaya. Nakuomba tu neno. Kwa jinsi ulivyonifundisha, mpaka sasa sijatuma kitu. Nimeongea peke yangu.

Bisibisi


8 Juni

Bisibisi,

Nimepokea.

Utaona sikuanza na salamu. Nimeanza barua hii kwa salamu mara nyingi mno, na kila nikimaliza mabati, magoti na jirani nakuta sina tena ujasiri wa kuendelea. Leo nimelitanguliza hilo.

Kipimo nilikifanya wiki ya kuagwa. Daktari akasema ningeitwa. Kila nilipokwenda mjini kununua misumari nilikaa pale kwenye duka la mtandao, nikafungua, nikakuta hakuna kitu, nikarudi njia nzima napiga mluzi. Mtu niliyekufundisha wewe usiamini kimya, nilikiamini changu. Barua yako ya kwanza iliponifikia niliisoma mara moja tu, nikajua. Nikakuandikia habari za mlinzi na geti, nikajisikia mwenye akili sana.

Naogopa, mama. Hilo ndilo lote. Baba yetu aliingia kliniki ileile kwa miguu yake. Nikasema nisipopata habari siumwi. Na ulipotaja lile lundo, sikuona watu, niliona jina langu tu. Yule fundi cherehani sikumjibu kwa sababu maneno yake yalikuwa yangu. Ukurasa ule wa pili unaninyima usingizi kuliko kikohozi. Umefanya vizuri kutomwonyesha Mkuu, na umefanya vizuri zaidi kutonitii.

Mama yako nimemwambia jana, jikoni. Alizima jiko, akaniita mjinga kwa jina la utotoni ambalo sitaliandika hapa. Halafu akaanza kunifungia nguo kwenye begi, na zake pia. Magoti amesema atayapeleka hivyohivyo. Tunakuja na lori Jumanne, dereva ameshaahidi kutupa viti vya mbele.

Mlinzi wa getini siku hizi simjui, ni mpya. Atanitazama na begi langu, aniulize mimi ni nani na ninamfuata nani, na sidhani kama nitaweza kulitaja jina la kliniki ile kwa sauti mbele za watu. Toka kidogo kazini asubuhi hiyo, usimame pale nje. Mwambie mimi ni wako.

Mjomba wako